Nizaa ya Ndoa na Dhima ya Deni la Nyumba

Katika nizaa za ndoa zinazofika mbele ya mawakili, makadhi na mahakimu wa pwani yetu, jambo linalozungumzwa mwisho ndilo aghalabu linaloharibika kwanza, nalo ni mkopo wa nyumba. Mume na mke huja na hoja za heshima iliyovunjwa, za watoto, za fedha zilizopelekwa pasipojulikana, za jamaa walioingilia yasiyowahusu. Na wakati hoja hizo zikisikilizwa kwa zamu, tarehe ya marejesho hupita, ikafuata ya pili, kila mmoja akiamini kwa moyo safi kwamba mwenziwe ndiye aliyepaswa kulipa. Msimamo wangu ni kwamba swali la nani alipe mkopo wakati wa ugomvi lisichanganywe hata kidogo na swali la nani mwenye nyumba, wala na la nani mwenye makosa. Deni lilipwe kwanza na yeyote awezaye, kwa stakabadhi na maandishi, kisha hesabu baina ya wawili ifanywe baadaye. Na wanaokaa kuhukumu au kusuluhisha waifanye hesabu hiyo kwa insafu, ili aliyelipa asije akajutia uaminifu wake.

Wawili waliooana wanapokopa kwa ajili ya nyumba, huingia katika mafungamano matatu kwa sahihi moja, na fujo yote inayotokea baadaye hutokana na kuyafanya matatu hayo kuwa moja. Fungamano la kwanza ni baina yao na benki, nalo hutawaliwa na mkataba. Mikataba hiyo kwa desturi husema kwamba wakopaji wana dhima kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maana yake ni kwamba benki haitambui nusu ya mume wala nusu ya mke, bali ina deni zima ambalo yaweza kulidai kwa yeyote kati yao, yule aliye karibu, mwenye mshahara unaoonekana, mwenye akiba katika akaunti ya benki ileile. La pili ni baina ya mume na mke wenyewe, na hapo ndipo swali la nani achukue mzigo kiasi gani linapopata mahali pake. La tatu ni baina ya kila mmoja wao na nyumba, yaani ni nani mwenye hisa gani ndani yake. Benki haina habari na la pili, na la tatu haliihusu ila kwa kadiri ya rehani yake. Kwa hiyo hukumu inayompa mke nyumba nzima haimwondolei mume dhima ya mkopo alioutilia sahihi, wala talaka haimgeuzi mdeni kuwa mtu baki mbele ya mdai wake.

Ili msomaji aone kwa nini ninasisitiza kwamba malipo yasisimame, tufanye hesabu. Tuwachukulie mume na mke waliokopa shilingi 6,000,000 kwa ajili ya nyumba Bamburi, kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, wakakubali kulipa kwa miaka 20. Marejesho yao ya kila mwezi yatakuwa kama shilingi 74,600. Katika mwezi wa kwanza, shilingi 70,000 za fedha hizo ni riba tupu, na kinachopunguza deni lenyewe ni shilingi 4,600 na kitu. Wakilipa bila kukosa mwezi hata mmoja kwa miaka 5, watakuwa wametoa karibu shilingi 4,477,000, ilhali deni litakuwa limeteremka kwa shilingi 397,000 hivi tu, likibaki kama 5,602,500. Sasa wagombane, mume ahamie kwa ndugu yake Kisauni, mke abaki na watoto, na kila mmoja amwachie mwenziwe mzigo kwa muda wa miezi 6. Riba ya miezi hiyo, kabla ya kuhesabu faini ya kuchelewa, ujira wa mawakili wa benki na gharama za dalali, ni takriban shilingi 403,800. Nusu mwaka ya kununiana imefuta kazi ya miaka mitano, na deni limepanda tena kupita zile shilingi 6,000,000 walizoanza nazo.

Hesabu hiyo ina somo la pili, ambalo wasuluhishi wengi hulipita bila kuliona. Katika mwezi wa 61 wa mkopo huo, katika kila shilingi 74,600 zinazolipwa, kama 65,400 ni riba na kama 9,200 tu ndizo zinazopunguza deni. Sehemu hizi mbili zina tabia mbalimbali, na insafu inadai zigawanywe kwa mizani mbalimbali. Sehemu inayopunguza deni ni akiba. Humnufaisha kila mwenye hisa katika nyumba, yumo ndani au yuko nje, na kwa hiyo ihesabiwe kwa aliyeilipa kama fedha alizowawekea wote wawili. Sehemu ya riba, kwa upande wake, inakaribiana na kodi, kwa kuwa ni bei ya kuishika nyumba mwezi huo. Na mtu anayekaa peke yake katika nyumba ya watu wawili, ilhali mwenziwe analipa kodi mahali pengine, hana haki kamili ya kurejeshewa nusu ya riba ile kana kwamba hakupata chochote. Nasema hana haki kamili, kwa sababu anayebaki ndani na watoto wa wote wawili hakai kwa ajili ya nafsi yake pekee, na maskani ya watoto ni wajibu wa baba na mama hata pale ambapo hawasemezani. Hakimu au kadhi atakayeuliza maswali haya matatu, yaani nani amelipa, nani amekaa, na watoto wamekaa kwa nani, atakuwa amefika karibu na haki kuliko yule atakayejumlisha stakabadhi na kugawanya kwa mbili.

Nimesikia ikisemwa mara nyingi kwamba anayehama nyumba amehama na deni lake. Dhana hii imewafilisi watu wenye elimu zao. Mume huondoka na sanduku lake, au mke hurudi kwao, na tangu siku hiyo huona kwamba kulipia paa asilolala chini yake ni dhuluma. Uchungu huo naufahamu, na hesabu niliyoieleza juu ya riba imeupa nafasi yake; lakini nafasi hiyo ni katika hesabu baina ya wanandoa, wala haivuki mlango wa benki. Siku 90 zikipita bila malipo, mkopo huhesabiwa kuwa umeharibika, na jina la aliyehama huweza kupelekwa katika ofisi za kumbukumbu za mikopo (CRB) sawasawa na jina la aliyebaki. Na siku atakapotaka mkopo wa gari, au wa ada ya mtoto, au wa duka, atakuta milango imefungwa kwa sababu ya nyumba aliyodhani ameachana nayo. Sheria ya Mabenki, katika kifungu chake cha 44A, huizuia riba ya mkopo ulioharibika isipite kiasi cha deni la asili lililokuwa limebaki wakati ulipoharibika, nayo ni kinga ya maana. Lakini kinga inayoruhusu deni kukaribia maradufu si ya kumlaza mtu usingizi.

Wengine huamini kinyume cha hayo, kwamba anayelipa peke yake wakati wa ugomvi anajinunulia nyumba, na wapo wanaomzuia mwenzi kulipa kwa makusudi ili siku ya kesi waonyeshe jina moja tu katika taarifa ya benki. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 haikujengwa hivyo. Mchango kwa mujibu wake ni wa fedha na usio wa fedha, na katika huo wa pili zimetajwa kazi za nyumbani, ulezi wa watoto, usuhuba wa ndoa, uendeshaji wa biashara ya familia na kazi ya shamba. Mwanamke aliyelea watoto watatu kwa miaka kumi, mumewe akapata nafasi ya kupanda cheo na kulipa mkopo, yumo katika kila shilingi ya marejesho yale, hata kama jina lake halimo katika hati miliki; na sheria hiyohiyo inadhania, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba mali ya ndoa iliyonunuliwa kwa jina la mmoja imeshikwa amana kwa ajili ya mwenziwe pia. Anayelipa wakati wa nizaa anajipatia haki ya kuhesabiwa alichokilipa, na kwa kweli haki hiyo inatosha kumfanya aendelee kulipa bila ya kuhitaji ndoto ya kumiliki nyumba nzima.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana sheria yetu ina mshono usiokutana. Kifungu cha 7 cha sheria ile kinasema kwamba umiliki wa mali ya ndoa humwendea kila mwenzi kwa kadiri ya mchango wake. Na Mahakama ya Juu ya Kenya, katika hukumu yake ya Januari 2023, ilibainisha kwamba usawa wa wanandoa uliotajwa katika ibara ya 45 ya Katiba haumaanishi kugawana nusu kwa nusu pasi na ushahidi wa mchango. Lakini kifungu cha 10 cha sheria ileile kinasema kwamba dhima iliyoingiwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa itachukuliwa na wawili hao kwa usawa. Basi mali hugawanywa kwa mchango, na deni hugawanywa kwa usawa. Chukua mke ambaye mahakama imeona hisa yake katika nyumba ni asilimia 30: je, alipe asilimia 50 ya mkopo ulioinunua nyumba hiyohiyo? Ikisomwa vipande vipande, sheria yaweza kumfikisha huko, na natija yake ni kwamba mwenye hisa ndogo anamlipia mwenye hisa kubwa. Mimi naona njia iliyo sawa ni kuusoma mkopo wa nyumba kama sehemu ya nyumba yenyewe: deni lililobaki litolewe kwanza katika thamani ya nyumba, kisha kilichosalia kigawanywe kwa mchango, na malipo yaliyofanywa wakati wa ugomvi yahesabiwe kuwa mchango wa aliyeyafanya. Usawa wa kifungu cha 10 ubaki kwa madeni yasiyo na mali nyuma yake, mathalani mkopo wa matibabu au wa karo. Bunge lingeweza kuliweka hilo bayana kwa sentensi moja, na lingewapunguzia watu kesi nyingi.

Ndugu zetu wa Tanzania wamelikaribia jambo hili kwa njia nyingine. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaiamuru mahakama, inapogawa mali iliyochumwa kwa pamoja, itazame mchango wa kila upande wa fedha, mali au kazi, na pia madeni ambayo mmoja wao aliyaingia kwa manufaa ya wote wawili. Deni na mchango vimewekwa katika mizani moja mbele ya hakimu mmoja, na huo ni mpango wa busara. Na Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika hukumu mashuhuri ya mwaka 1983, ilikuwa imekwisha kukubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango, miaka thelathini kabla ya sheria ya Kenya kuandika neno hilo.

Kwa Waislamu, ambao sheria ya Kenya imewaruhusu kufuata sheria ya dini yao katika mali ya ndoa, mambo yana sura yake. Mali ya mke ni yake, na maskani na masurufu ya mke ni juu ya mume, hata katika edda ya talaka rejea. Kutokana na kanuni hii tukufu hutoka makosa mawili. La kwanza ni la mke aliyetia sahihi ya mkopo pamoja na mumewe, kisha akaiambia benki imwendee mume kwa kuwa nyumba ni faradhi yake. Faradhi hiyo ni ya kweli, na kadhi ataisimamia, lakini mke ni mdeni kwa ahadi yake mwenyewe, na kutimiza ahadi nako ni dini. La pili ni kubwa zaidi na huwaumiza wanawake wengi: mke mwenye mshahara hulipa marejesho kwa miaka, kwa mapenzi na bila neno, na siku ya faraka huambiwa kwamba alitoa hiba. Lau angaliandika mapema, hata kwa mistari miwili mbele ya mashahidi, kwamba fedha zile ni karadha au ni sehemu yake katika nyumba, asingalikuwa na haja ya kuapa leo. Waliochukua nyumba kwa njia ya murabaha wana nafuu moja, kwamba bei yao ilifungwa tangu mwanzo na haiongezeki kwa kucheleweshwa. Lakini dhima ya wawili waliotia sahihi ni ileile, na rehani ni ileile.

Dhana nyingine ni kwamba kufungua kesi ya talaka au ya kugawa mali kunasimamisha mnada. Sheria ya Mali ya Ndoa inamkataza mwenzi kumfukuza mwenziwe katika nyumba ya ndoa bila amri ya mahakama, lakini kinga hiyo haimzuii mwenye rehani halali kutumia haki yake ya kuuza. Kilicho kweli ni kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inampa mdeni muda. Baada ya mwezi mmoja wa kukosa malipo, benki yaweza kutoa ilani ya kumtaka arekebishe katika muda usiopungua miezi mitatu. Ikishindikana, hutolewa ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na mwenzi aliyetoa ridhaa lazima naye apelekewe nakala. Na dalali naye, kwa kanuni za kazi yake, hutoa siku 45. Ukizijumlisha, ni zaidi ya nusu mwaka. Muda huo unatosha kuokoa nyumba iwapo wawili watasemezana, na hautoshi kitu iwapo barua zinafika kwa mmoja naye akazificha katika mtoto wa meza ili mwenziwe apatikane na hasara.

Sharti niseme pia neno kwa yule ambaye hakukopa, bali alitia sahihi ya ridhaa tu. Nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya maandishi ya mwenzi, tena ridhaa ya mtu aliyeelewa anachokikubali. Ridhaa hiyo peke yake si ahadi ya kulipa, na benki haina haki ya kumdai mtoa ridhaa fedha zake. Lakini karatasi zinazowekwa mezani siku ile ni nyingi, na baina ya ridhaa na udhamini kuna ukurasa mmoja tu. Aliyetia sahihi ya udhamini amechukua deni zima. Anayeanza kuona dalili za ugomvi na aende benki aombe nakala ya kila alichokitilia sahihi, kabla hajasema mbele ya mtu yeyote kwamba mkopo haumhusu.

Tiba ninazozipendekeza zinatoka katika hayo niliyoyaeleza. Katika wiki za mwanzo za kutengana, kabla ya maneno kuwa makali, waandikiane mapatano mafupi ya muda: nani atalipa, siku gani, nani atakaa, na kwamba malipo hayo yatahesabiwa siku ya mwisho bila kuathiri haki ya yeyote. Mwenye kulipa alipe moja kwa moja katika akaunti ya mkopo. Fedha zinazopitia mkononi mwa mwenzi wakati wa ugomvi aghalabu hugeuka kuwa masurufu katika ushahidi wa upande wa pili. Wote wawili waiandikie benki, kila mmoja kwa anwani yake, waombe taarifa za kila mwezi zifike kwa kila mmoja. Na wakiona mapato ya nyumba moja hayatoshi kuendesha nyumba mbili, waombe mkopo upangwe upya kabla ya mwezi wa tatu wa kukosa, kwa sababu benki humsikiliza anayekuja mapema kuliko anayeletwa na ilani. Ikiwa hakuna anayeweza kubaki, nyumba ipangishwe na kodi iingie katika mkopo. Na ikiwa kodi haitoshi, iuzwe kwa hiari na kwa bei ya soko, maana bei ya mnada ni ya masikitiko. Asiyepata mwenzi wa kusemezana naye anayo njia ya mahakama: kifungu cha 17 cha Sheria ya Mali ya Ndoa kinamruhusu kuomba tamko la haki zake katika mali hata kama hakuna kesi ya talaka, na humo aweza kuomba amri za muda juu ya malipo na makazi. Ama pale penye kupigwa na vitisho, mashauri yangu ya mapatano hayana nafasi; mtu aokoe nafsi yake kwanza, atake kinga ya mahakama kwa Sheria ya mwaka 2015 ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, na mambo ya mkopo yaendeshwe na wakili wake.

Wasuluhishi nao, wazee wa mtaa, mashekhe, wachungaji na makadhi, nawaomba waulize habari za mkopo katika kikao cha kwanza, waandike jibu, na wasiahirishe kikao bila kujua ni nani atakayelipa mwezi ujao. Na wanaofikia mapatano ya mwisho, mmoja akainunua hisa ya mwenziwe, wasiridhike na hati ya mapatano wala na amri ya mahakama peke yake. Anayetoka aitake benki imwachilie kwa maandishi, naye anayebaki awe tayari kuithibitishia benki kwamba kipato chake kinaweza kuubeba mkopo peke yake. Benki ikikataa, mkopo ulipwe wote kwa mkopo mwingine wa jina moja, au nyumba iuzwe. Barua hiyo ya kuachiliwa iombwe siku ileile ya kutia sahihi mapatano, kabla fedha za hisa hazijabadili mkono.